Kilichofungwa Ndani ya Pumba

Ukitoka Kabalagala ukaishika barabara ya Ggaba, duka la chakula cha mifugo pale Kansanga utalitambua kwa pua kabla ya jicho. Ni harufu ya mukene mkavu, wale dagaa wa Ziwa Viktoria wanaopandishwa kutoka mwaloni. Ndani kuna magunia ya pumba za mahindi, mashudu ya pamba na ya alizeti, soya iliyokaangwa, makombe ya ziwani yaliyopondwa, unga wa mifupa na chumvi. Nyuma ya mizani kuna sakafu ya saruji ambapo vijana wawili wanachanganya kwa beleshi, kope zao nyeupe kwa vumbi.

Siku moja nilimkuta hapo jirani yangu, mama anayefuga kuku 100 wa mayai nyuma ya nyumba yake. Muuzaji alikuwa amemtolea pakiti ndogo ya unga. "Nyabo, hii ni enzaimu. Nyunyiza tu juu ya chakula, utaona mayai." Mama aliigeuza pakiti, akasoma majina yaliyopangwa mgongoni mwake: faitesi, zailanesi, protiesi, amilesi, selulesi. Kisha akanigeukia. "Jirani, hii ni dawa, ni vitamini, au ni nini?"

Nilimpa jibu la haraka, na njiani kurudi nikajua halikumsaidia. Kati ya asilimia 60 na 70 ya gharama za kufuga kuku huishia kwenye chakula, kwa hiyo anayemwambia mfugaji aongeze kitu kwenye gunia anamgusa pale panapouma. Swali lake lilistahili jibu zima.

Kiswahili kimelipatia jambo hili neno zuri: kimeng'enya. Kumeng'enya ni kukivunjavunja chakula hadi mwili uweze kukitumia, na kimeng'enya ndicho kifanyacho kazi hiyo. Ni protini yenye umbo lake mahususi. Hukamata kitu cha aina moja, hukikata mahali pamoja, hukiachia na kukamata kingine, chenyewe kikibaki vilevile. Ndiyo maana gramu chache hutosha mzigo mkubwa. Na kwa kuwa ni protini, joto kali hukiua jinsi linavyougandisha ute wa yai usirudi tena kuwa majimaji.

Mpishi wa pwani anapoipaka nyama ngumu papai bichi kabla ya kuitia kwenye mishikaki, anakitumia kimeng'enya. Mama wa Teso anayeloweka ulezi, akauacha uchipue, akaukausha na kuusaga apate kimea cha ajono, anakitumia kingine: kile kinachogeuza wanga kuwa sukari. Mwaka 1833, Anselme Payen na Jean-François Persoz wa Ufaransa walikitenga kutoka kwenye kimea cha shayiri na kukiita diastasi. Kazi yenyewe vyungu vya Teso vilikuwa vinaijua.

Kuku naye ana vimeng'enya vyake. Ana vya wanga, vya protini na vya mafuta, na kwa chakula cha kawaida vinamtosha, isipokuwa kifaranga wa siku chache ambaye tumbo lake bado linajifunza. Basi suala la pakiti ile lina sura moja tu: ni kitu gani kimo ndani ya chakula cha Kansanga ambacho kuku hawezi kukifungua mwenyewe?

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, ni fosforasi.

Mbegu huiweka akiba fosforasi yake kwa ajili ya mche utakaoota. Huifungia ndani ya kitu kiitwacho faiteti, ambacho molekuli yake moja hushika fosfati 6. Katika nafaka na mbegu za mafuta, takribani theluthi mbili ya fosforasi yote imo humo, na pumba ndizo zilizosheheni zaidi, maana akiba hiyo hukaa kwenye tabaka za nje na kwenye kiini cha punje. Kuku na nguruwe wana kimeng'enya cha kuifungua, lakini ni kidogo mno. Faiteti ina ubaya mwingine pia: hushika zinki, chuma na kalisi zilizo karibu yake na kuondoka nazo.

Chukua mfano wa banda la jirani yangu. Kuku mmoja wa mayai hula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 100 hula kilo 12. Tuseme chakula chao kina fosforasi asilimia 0.6. Hiyo ni gramu 72 kwa siku, na gramu 48 kati yake zimefungwa. Kwa mwezi zinakuwa karibu kilo moja na nusu ya fosforasi iliyonunuliwa, ikabebwa kwa bodaboda, ikapita kwenye matumbo ya kuku, na sehemu yake kubwa ikaangukia kwenye takataka za sakafuni. Na kwa kuwa kuku hawezi kutaga bila fosforasi, mama analazimika kuinunua mara ya pili, safari hii kwenye unga wa mifupa, kwenye fosfati ya dukani inayoitwa DCP, au kwenye mukene.

Faitesi ndiyo inayoifungua faiteti. Nguvu yake hupimwa kwa kipimo kiitwacho FTU: FTU 1 ni kiasi cha kimeng'enya kinachoachilia mikromoli 1 ya fosfati kwa dakika 1, katika uchachu wa pH 5.5 na joto la nyuzi 37. Dozi iliyozoeleka duniani ni FTU 500 kwa kilo ya chakula. Dozi hiyo, ikifanya kazi sawasawa, humpatia kuku fosforasi ya kama gramu 120 katika kila kilo 100 za chakula, ambayo ni sawa na gramu 650 hivi za DCP au kilo 1 ya unga wa mifupa.

Hapa ndipo "nyunyiza tu juu ya chakula" inapopotosha. Kama chakula cha mama tayari kina mukene na unga wa mifupa wa kutosha, kuku wake hawana njaa ya fosforasi. Ukiwafungulia nyingine wataitupa. Faida ya faitesi hupatikana unapoondoa kitu: unapunguza ile kilo ya unga wa mifupa, kimeng'enya kinaziba pengo, na tofauti ya bei inabaki mfukoni mwako. Mfugaji asiyebadilisha mchanganyiko wake amelipia vitu viwili kwa kazi moja. Nimekutana na wengi wa namna hiyo, na kosa si lao. Hakuna aliyewaambia kwamba pakiti ile inakuja na hesabu.

Hesabu hiyo ina hatari pia, na nisingependa kuipamba. Ukiondoa unga wa mifupa ukaweka faitesi iliyokwisha kufa, kuku wataendelea kutaga kwa siku kadhaa huku wakichota kwenye mifupa yao wenyewe. Kisha miguu inalegea, mayai yanapungua, na mwenye banda anatafuta ugonjwa usiokuwepo. Kila yai linalotoka huwa na kama gramu 2 za kalisi kwenye ganda lake. Mwili unaotoa hivyo karibu kila siku hauwezi kudanganywa kwa muda mrefu.

Faitesi ya dukani ilianzia Uholanzi. Kwa nini huko? Nchi ile ilijaza nguruwe na kuku kwenye ardhi ndogo, samadi ikazidi mashamba, fosforasi ikashuka kwenye mito na mifereji, na serikali ikaanza kuwabana wafugaji kwa sheria za samadi. Mwaka 1991 kampuni ya BASF iliingiza sokoni faitesi ya Natuphos, iliyotokana na kuvu aitwaye Aspergillus niger na kutengenezwa pamoja na kampuni ya Kiholanzi ya Gist-brocades. Mfugaji aliyeitumia na kupunguza fosfati aliyokuwa akiongeza aliweza kuipunguza fosforasi ya kwenye samadi kwa takribani theluthi moja. Bidhaa hii, kwa maneno mengine, ilizaliwa kwa sababu ya maji machafu, na kuku kutaga zaidi hakukuwa shabaha yake ya kwanza.

Maji sisi tunayo, tena karibu. Kansanga iko chini ya kilima cha Muyenga, na matangi yaliyo juu ya kilima hicho hujazwa maji yanayosukumwa kutoka mitambo ya Ggaba, kwenye Ghuba ya Murchison. Ghuba hiyohiyo hupokea mfereji wa Nakivubo na machafu ya mji. Fosforasi ni chakula cha mwani. Ikizidi, maji yanageuka kijani na kuyasafisha kunakuwa ghali. Shirika la maji la taifa limekwenda kujenga mitambo mingine Katosi, Mukono, mbali na ghuba hii.

Je, faitesi ya kuku wa Kansanga itaiokoa ghuba? Hapana, na anayesema hivyo anauza. Mzigo mkubwa unatokana na vinyesi vya binadamu na maji ya mji. Isitoshe, samadi ya kuku hapa Kampala haitupwi ovyo: huwekwa kwenye magunia na kupelekwa mashambani, na udongo wetu mwingi una njaa ya fosforasi, tofauti kabisa na ule wa Uholanzi. Fosforasi iliyofika kwenye mgomba wa Masaka haijapotea. Iliyosombwa na mvua kutoka banda la bondeni hadi ziwani ndiyo iliyopotea. Kwa hiyo kwa upande wa mazingira, namna mfugaji anavyoihifadhi samadi yake ina uzito kuliko pakiti anayoinunua. Mwenye nguruwe au kuku wa bondeni, anayeona mvua ya Aprili ikipita katikati ya banda, aanze na mtaro na paa.

Majina mengine ya kwenye pakiti hayahitaji maelezo marefu. Zailanesi na mwenzake beta-glukanesi zilipata kazi yake kwenye nchi za ngano na shayiri. Shayiri ina nyuzinyuzi zinazogeuka utelezi tumboni mwa kuku. Chakula kinakwama kwenye uji mzito, kinyesi kinanata, mayai yanachafuka. Mwaka 1957 watafiti wa Washington State, Marekani, walionyesha kwamba kimeng'enya kinaifanya shayiri ilike vizuri na kuku, na miaka ya 1980 Wafini, ambao shayiri ndiyo nafaka yao, wakaifanya biashara. Mahindi hayana utelezi huo. Pumba za mahindi zina nyuzinyuzi nyingi, lakini ni za aina ngumu, zenye matawimatawi, ambazo zailanesi ya kawaida inazing'ang'ania bila kufika mbali. Anayelisha pumba za ngano kwa wingi ana sababu ya kuifikiria. Anayelisha mahindi na mukene anauziwa suluhisho la tatizo la Mfini.

Pumba za ngano zenyewe zina habari ambayo ningependa kila mfugaji wa Kampala aijue. Ngano, tofauti na mahindi na soya, ina faitesi yake ya asili, na iko kwa wingi kwenye pumba. Haistahimili uchachu wa tumbo kama ile ya viwandani, lakini ipo, na huja bure ndani ya gunia. Ukizilowesha pumba za ngano pamoja na zile za mahindi kwa maji ya vuguvugu kwa saa kadhaa kabla ya kuwapa nguruwe, unaipa nafasi ianze kazi ndooni, nje ya tumbo. Wafugaji wengi wa nguruwe huloweka ili pumba zilainike tu. Wanapata zaidi ya wanachokitafuta.

Sasa turudi kwa wale vijana wa beleshi, maana hatima ya kimeng'enya iko mikononi mwao.

Faitesi yenye nguvu ya FTU 5,000 kwa gramu huhitajika gramu 100 kwa tani. Kwa kilo 100 za mama, hiyo ni gramu 10. Gramu 10 zinatosha kwenye kiganja. Kuku anakula gramu 120 kwa siku kutoka kwenye lundo lile. Ukimwaga kiganja kimoja juu ya lundo ukageuza mara mbili kwa beleshi, kuna kuku atakayekula dozi ya wiki nzima na wengine hawataonja chochote. Njia ni ileile wanayoitumia wenye uangalifu kwa premiksi ya vitamini: changanya zile gramu 10 na kilo 1 ya pumba laini mpaka rangi iwe moja, hizo zichanganye na kilo 10, ndipo uzitie kwenye mzigo wote na kuugeuza tena na tena. Inachukua robo saa zaidi. Duka lenye foleni halina robo saa, kwa hiyo mama afanye hatua mbili za kwanza nyumbani, kwenye beseni, na aende dukani na kilo zake 11 tayari.

Na avae barakoa, na vijana nao wavae. Hili silisemi kwa kupita. Vimeng'enya vya unga vikivutwa puani siku baada ya siku huweza kuuzoesha mwili vibaya hadi mtu akapata pumu. Wafanyakazi wa viwanda vya sabuni za unga huko Uingereza waliugua hivyo miaka ya 1960, vilipoanza kutiwa kwenye sabuni. Kijana anayechanganya chakula kwa mshahara mdogo hastahili kuondoka na kifua kibovu.

Kuhusu joto, tuna bahati ya aina yake. Viwanda vya Ulaya hukipitisha chakula kwenye mvuke wa nyuzi 80 hadi 90 ili kukifanya vidonge, na joto hilo huua kimeng'enya kisichofunikwa. Chakula kingi cha Kampala ni cha unga, hakionji mvuke. Adui wetu ni ghala: bati linalochemka mchana, unyevu wa mvua mbili za mwaka, na pakiti iliyofunguliwa wiki kadhaa ikafungwa kwa mpira. Kimeng'enya kilichochanganywa na madini ya shaba, chuma na zinki kwenye ndoo moja hudhoofika haraka zaidi. Pakiti inunuliwe ikiwa imefungwa, iwe na tarehe, iandikwe nguvu yake kwa kila gramu, na ikae mahali pa baridi. Ile iliyoorodhesha majina matano bila kipimo hata kimoja, kama aliyoonyeshwa jirani yangu, irudishwe rafuni. Jina bila kipimo halimwambii mfugaji lolote. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, lina wajibu hapa ambao wafugaji wana haki ya kuudai kwa sauti.

Kuna chokaa ya makombe pia. Kuku wa mayai anahitaji kalisi nyingi, asilimia 3.5 hadi 4 ya chakula chake, na kalisi iliyozidi hushikamana na faiteti na kuifanya ngumu kufunguka. Mfugaji anayetupia makombe kwa makadirio anaivunja nguvu ya faitesi kwa mkono wake mwenyewe. Apime.

Nimeeleza hadi hapa kana kwamba vimeng'enya vyote hutoka dukani. Sivyo, na upande huu mwingine wa jambo ndio ninaoupenda zaidi, kwa sababu mafunzo yake yamo jikoni mwetu.

Tazama soya. Soya mbichi ina kitu kinachoizuia tripsini, kimeng'enya cha kuku cha kuvunjia protini. Kuku akilishwa soya mbichi, kongosho lake huvimba kwa kujitahidi, na protini ghali inapita bila faida. Mwaka 1917 watafiti Osborne na Mendel walionyesha kwamba panya hukua kwa soya iliyopikwa, hawakui kwa mbichi. Basi soya hukaangwa. Lakini imekaangwa vya kutosha? Ndani yake kuna kimeng'enya kingine, yuriesi, kinachoivunja yurea kuwa amonia, nacho hufa kwa joto la karibu sawa na linalokiua kile kizuizi. Maabara hupima soya kwa kukitafuta hicho. Nyumbani, chukua kijiko cha soya iliyosagwa, tia yurea kidogo ya mbolea na maji ya vuguvugu kwenye chupa, funika, subiri dakika 20, kisha fungua na unuse. Harufu kali ya amonia, ile ya choo cha shule, inakuambia kwamba soya yako bado ni mbichi. Kipimo hiki hakitakuambia kama imeungua, ila rangi itakuambia.

Yuriesi hiyohiyo ndiyo kimeng'enya cha kwanza duniani kupatikana kwa umbo la fuwele. James Sumner wa Chuo Kikuu cha Cornell aliipata mwaka 1926 kutoka kwenye maharage, akasema vimeng'enya ni protini, wakubwa wa sayansi wakambishia kwa miaka, na mwaka 1946 akapewa Tuzo ya Nobel. Chupa ya mama wa Kansanga ina historia hiyo ndani yake.

Pakiti zenye protiesi huuzwa zikiahidi kuitibu soya mbovu. Protiesi inaweza kusaidia kiasi. Moto na chupa vinasaidia zaidi, kwa gharama ya kuni.

Au tazama muhogo, ambao mahindi yakipanda bei hukimbiliwa. Ndani ya muhogo mchungu kuna linamarini, na pembeni yake, katika kuta za seli, kuna kimeng'enya chake, linamaresi. Viwili hivyo havikutani mpaka muhogo ukwaruzwe au upondwe. Vikikutana, sumu ya sayanidi hutoka na kuruka hewani. Kwa hiyo muhogo wa mifugo ukunwe, uachwe uchachuke au unyauke, kisha uanikwe. Ukiutupa mzima kwenye maji yanayochemka umekiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu nyingi imebaki imefungwa. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu baada ya ukame kuwafanya wale muhogo mchungu bila kuuandaa kwa muda unaostahili. Wazee waliotufundisha kuloweka na kuanika walikuwa wanakipa kimeng'enya muda wake.

Ng'ombe ni suala jingine kabisa. Wale wa zizini hapa mjini wanaolishwa ebikuta, maganda ya matooke yanayookotwa kwenye masoko na mahoteli, wana tumbo la kwanza lililojaa vijidudu vinavyotengeneza selulesi na faitesi mchana na usiku. Kumuuzia mwenye ng'ombe aliyekomaa faitesi ni kutwanga maji kwenye kinu. Vimeng'enya vya kuvunja nyuzinyuzi vimejaribiwa kwa ng'ombe wa maziwa nchi nyingi, na majibu yamekuwa ya leo ndiyo, kesho hapana. Kama mwenye ng'ombe anataka kimeng'enya kimfanyie kazi, achukue mabua makavu ya mahindi kilo 100, ayanyunyizie yurea kilo 4 iliyoyeyushwa kwenye maji, ayafungie kwenye nailoni bila hewa kwa wiki 3. Yuriesi ya vijidudu vilivyo kwenye mabua itageuza yurea kuwa amonia, na amonia italegeza bua. Ayafungue, ayapunge hewa siku nzima, ndipo alishe. Yurea na soya mbichi visikutane kamwe kwenye hori moja. Amonia itatoka yote kwa mkupuo tumboni na ng'ombe anaweza kufa.

Kuna jambo lisilotibiwa na pakiti yoyote iliyo dukani Kansanga, nalo ni sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye kuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, na wakulima wetu wakaona malori yakirudi. Mahindi yanayokataliwa na binadamu huishia wapi? Mengi huishia kwenye chakula cha kuku. Vipo vimeng'enya vinavyovunja baadhi ya sumu za kuvu, na Ulaya ilikiidhinisha kimoja kwa ajili ya fumonisini mwaka 2014, lakini faitesi, zailanesi na wenzao hawaigusi aflatoksini, ile sumukuvu iliyoua Kenya. Gunia linalonuka uvundo lirudishwe. Mukene uliochanganyika na mchanga kwa sababu ulianikwa chini, upepetwe kwanza, maana mchanga haumeng'enyeki.

Kwa hayo yote, hukumu yangu kwa mama wa kuku 100 ni hii. Kwanza mizani, halafu pumba safi, halafu soya iliyopimwa kwa chupa, halafu makombe yaliyopimwa. Baada ya hapo faitesi peke yake, yenye kipimo na tarehe, inunuliwe na watu watatu wanne kwa pamoja ili iishe kabla haijafa, na iingie pale unga wa mifupa unapotoka. Mchanganyiko wa majina matano aachane nao.

Nilimwambia hivyo, na yeye, ambaye ana akili ya vitendo kuliko mimi, akasema hatanisadiki bure. Amegawa banda kwa waya, kuku 50 huku na 50 huku. Wa kulia wanakula chakula chake cha zamani. Wa kushoto wanakula kilekile, kilichopunguzwa kilo 1 ya unga wa mifupa kwa kila kilo 100 na kuongezwa gramu 10 za faitesi, alizozichanganya mwenyewe kwenye beseni huku amejifunga kanga puani. Daftari la shule limening'inizwa mlangoni kwa uzi pamoja na kalamu. Ukurasa wa kulia wa hawa, wa kushoto wa wale. Kila jioni anaandika idadi ya mayai na kilo zilizoliwa, na kila Jumapili anavunja yai moja la kila upande, analibonyeza ganda kati ya vidole viwili na kuandika "gumu" au "laini". Ameshaandika Jumapili mbili. Zimebaki tatu.